Kabla ya kununua mashine ya santuri, tazama sindano kwanza

Na Mwandishi Wetu

SANTURI, ambazo wengi walidhani zilikwisha kuzikwa na kaseti pamoja na sidii, zimerejea sebuleni. Nchini Marekani, mwaka 2022 ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41 dhidi ya sidii milioni 33, ikiwa ni mara ya kwanza tangu mwaka 1987 kwa santuri kuongoza kwa idadi.

Katika miji ya Afrika Mashariki nako wapo wanaofungua makabati ya wazazi wao, wakakuta nyimbo za Mbaraka Mwinshehe au Franco zikiwa bado ndani ya majalada yake, na kuanza kutafuta mashine ya kuzipigia.

Hapo ndipo penye hatari. Sindano ya mashine hupita ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa juu ya santuri, na mtikisiko wake ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Sindano nzito au iliyochakaa huula mfereji huo, na uliolika haurudi tena. Santuri ya msanii wa leo yaweza kununuliwa nyingine, lakini ya bendi iliyovunjika miaka 40 iliyopita pengine ndiyo nakala pekee iliyobaki katika ukoo.

Uzito wa sindano

Mashine za bei ya chini kabisa, hasa zile zenye umbo la sanduku na spika ndani yake, kwa kawaida hutumia kichwa cha sindano cha seramiki. Kichwa cha aina hiyo huikandamiza santuri kwa uzito wa gramu nne hadi sita hivi, na mara nyingi hakuna namna ya kuupunguza. Kichwa cha sumaku huhitaji takriban gramu mbili tu.

Kwa hiyo, mnunuzi aulize mambo mawili kabla ya kutazama rangi na umbo. Kwanza, je, kichwa ni cha sumaku? Pili, je, sindano yake huuzwa peke yake na hupatikana madukani? Sindano ya almasi nayo huchakaa, na watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya kutumika kwa saa 500 hadi 1,000.

Mashine kama Audio-Technica AT-LP60X imepangiwa uzito kiwandani, nayo yatosha kwa anayeanza. AT-LP120X hugharimu zaidi, lakini mkono wake una kizito cha nyuma kinachomwezesha mtumiaji kupanga uzito mwenyewe.

Kasi tatu

Santuri kubwa zilizoanzishwa na kampuni ya Columbia mwaka 1948 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Zile ndogo, zilizoletwa na RCA Victor mwaka 1949, huzunguka mara 45. Kabla ya hapo zilitawala za mizunguko 78, na ndizo alizorekodia Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928.

Mwenye urithi wa santuri za 78 ajihadhari, kwa kuwa mifereji yake ni mipana na huhitaji sindano yake maalumu. Mashine kuwa na kasi hiyo pekee hakutoshi. Aidha, nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, ambayo huyeyuka ikipakwa spiriti na huvunjika ikianguka.

Mashine za mitumba

Mashine imara ya zamani yaweza kuishinda mpya ya bei ileile. Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, bado inasifiwa kwa mota yake inayozungusha sahani moja kwa moja. Kwa zile zinazotumia mkanda, mkanda uliolegea ndio kitu cha kwanza kubadilishwa.

Umeme nao usisahauliwe. Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, wakati kwetu ni 230 hadi 240. Transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi hezi. Baadhi ya mota za zamani zilizotengenezwa kwa umeme wa hezi 60 zikiwekwa kwenye umeme wetu wa hezi 50, hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji husikika kama anayeimba usingizini.

Usiilaumu mashine bure

Sauti inayotoka kwenye kichwa cha sumaku ni dhaifu mno, tena besi yake ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga santuri. Hivyo huhitajika kifaa kiitwacho fono, ambacho huikuza na kuirudishia besi. Asiyejua huunganisha mashine kwenye tundu la kawaida la amplifaya, akasikia sauti nyembamba ya mbali, akadhani ameuziwa mbovu. Mashine nyingi mpya zina fono ndani yake, hivyo mwenye amplifaya yenye fono atumie moja tu, kwani zikiunganishwa mbili sauti hukwaruza.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio ni huu: kichwa na sindano kwanza, kisha mkono na mota, halafu fono, na spika mwisho. Spika hafifu zaweza kubadilishwa mwakani bila hasara yoyote kwa muziki. Mfereji ulioharibiwa leo hauna spea.