KUTU HAIFICHWI: NILIUZIWA PUTI NIKADHANI NIMENUNUA GARI

Leo tuongelee kutu. Najua wengi humu mnauza nguo na viatu, ila wapo wanaouza friji, majiko, cherehani, pikipiki na magari ya mkononi. Someni mpaka mwisho, somo ni letu wote.

Mwaka jana nilinunua Volkswagen, ile ya zamani yenye umbo la kobe, kwa kuona picha tu. Muuzaji yupo pwani. Picha zilikuwa kali, rangi inawaka. Nikatoa 2,800,000 pamoja na usafiri, nusu yake mkopo wa kikoba. Hesabu yangu: nitie laki nne, niuze kwa faida. Haya magari yana watu wake. Lilishinda Safari Rally mwaka 1962, na Mexico waliendelea kulitengeneza mpaka 2003, kwa hiyo spea bado zipo.

Lilivyofika huku Idete, masika ikaanza. Wiki mbili tu, rangi ikatoa malengelenge juu ya tairi la nyuma. Nikabonyeza na bisibisi, ikazama yote. Chini hakuna bati. Kuna puti, na chini ya puti kuna gazeti!

Nisiwadanganye, wazo la kwanza lilikuwa nipige puti nyingine, nipige picha nzuri, nimuuzie mwingine. Kilichonizuia ni sakafu. Kiti cha dereva kimeshikwa na ile sakafu iliyooza. Gari likigonga, kiti kinang'oka na mtu wake.

KUTU INATOKA WAPI
Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaoza. Chumvi inaongeza kasi, ndiyo maana gari la pwani huliwa haraka. Huku kwetu bonde la Kilombero tatizo ni tope. Linaganda ndani ya madigadi na linakaa na unyevu hata jua likiwaka. Ukipaka rangi juu ya kutu umefunika tu. Chini inaendelea kula kimya kimya.

JINSI YA KUITAFUTA
Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe taratibu kwenye bodi. Pakiwa na bati inanata. Pakiwa na puti nene inadondoka. Halafu inua kapeti zote. Kwenye Volkswagen hii betri inakaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi ikimwagika inakula sakafu. Osha hapo kwa maji yenye magadi mpaka povu liishe, suuza, kausha. Mwisho kagua vizingiti vya chini ya milango. Vina uwazi ndani, hewa ya moto hupita humo, na ndivyo vinavyobeba bodi. Vikioza, milango inaanza kugoma kufunga.

KAZI YENYEWE
1. Kabla ya moto wowote toa betri na tenki la petroli. Kwenye gari hili tenki lipo mbele. Weka ndoo ya mchanga karibu.

2. Kata mpaka ufike kwenye bati zima linalong'aa. Usionee huruma. Tundu la shilingi linaweza kuwa tundu la sahani. Kama unakata vizingiti, kwanza chomelea nondo kukatiza uwazi wa mlango, la sivyo bodi inapinda na mlango haurudi tena.

3. Usitumie bati la kuezekea. Ni jembamba mno, na ile zinki ikichomwa inatoa moshi unaoleta homa. Tafuta bati jeusi la geji 18 au 20.

4. Vijiti vya kawaida vya kuchomelea vinatoboa bati la gari. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya. Achomelee nukta moja moja kwa kurukaruka, aache ipoe, bati lisijikunje.

5. Puti ni ya kusawazisha, haizibi tundu. Iwe nyembamba, isizidi milimita 3, na ikae juu ya bati safi.

6. Hapa nilikosea mimi. Nilipiga praima, hela ikaisha, nikaliacha gari nje wiki tatu. Praima nyingi zinapitisha unyevu. Kutu ikarudi, nikapiga msasa upya. Kama huna hela ya rangi ya juu, subiri kwanza.

7. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango. Ndani ya vizingiti pulizia grisi laini. Oili chafu ambayo mafundi wetu wanaipenda inazuia maji kweli, ila usipake kabla ya rangi, na isiguse mipira wala breki.

Kuna watakaokwambia umwagie soda au ndimu. Kwa bolti ndogo inasaidia. Kwa tundu, haiwezi kurudisha bati lililokwisha liwa.

KUUZA SASA
Badala ya laki nne nilitumia 1,650,000, na miezi minne ikapita. Nilipoposti niliweka picha za matundu kwanza, halafu bati jipya kabla ya rangi, halafu gari lilivyo sasa. Nikaandika pia nisichofanya: boneti ina puti ya zamani, sijaigusa.

Siku za mwanzo kimya. Watu wanataka picha inayong'aa. Mmoja akaniuliza kabisa, "Kaka, mbona unajiharibia soko?" Ila aliyekuja kununua alikuja na fundi wake na sumaku mfukoni. Wakapima kila sehemu, wakakuta vilevile nilivyoandika. Aliomba punguzo dogo, tukamaliza kwa 5,200,000. Faida 750,000. Kwa miezi minne si kubwa, nasema ukweli. Ila kikoba nimelipa, na yule mteja ameshaniletea wateja wawili wa spea.

Kwa hiyo mdau, iwe gari, iwe friji lenye kutu chini, fanya hivi: piga picha ya kasoro kwa karibu, mchana, bila kuipamba. Andika ulichorekebisha na ulichoacha. Hifadhi picha za kazi ikiendelea, hizo ndizo risiti zako. Na ukinunua kwa picha, omba video ya chini ya kapeti kabla hujatuma hata mia. Muuzaji akianza kuzungusha maneno, jibu umeshalipata.

Mtumie mwenzako anayetaka kununua gari kwa picha. Mimi ningetumiwa hii mapema, ningeokoa zaidi ya milioni.