Dexa rahisi, ng'ombe ghali

Kwenye duka la dawa za mifugo, chupa ya mililita 50 ya deksametazoni huonekana nafuu kuliko zote. Mfugaji wa Mulekera anaitaka upesi. Ng'ombe alizaa juzi, kondo la nyuma likabaki likaoza, sasa masikio yamepoa, macho yamedidimia, mnyama hasimami. Sumu ya vijidudu imeingia kwenye damu, mwili umepata mshtuko. Kabla ya kulipa, apige hesabu.

Vitabu vya veterineri hutaja miligramu 1 hadi 2 za dexa kwa kila kilo kwa mshtuko kama huo. Ng'ombe wa kilo 300 anataka miligramu 300 kwa uchache. Chupa nyingi zina miligramu 2 kwa mililita: hizo ni mililita 150, chupa tatu. Kwa ampuli za binadamu za miligramu 4, zinatoka 75! Zile mililita 10 anazochomwa siku zote ni miligramu 20 tu. Homa inashuka, tumaini linapanda, vijidudu vinaendelea. Na hata kipimo kamili husaidia, kama kinasaidia, mwanzoni kabisa. Baadaye hudhoofisha kinga. Kwa watu, majaribio mawili ya Marekani mwaka 1987 hayakuona faida ya vipimo vikubwa vya dawa za jamii ya dexa. Tena ng'ombe mwenye mimba ya miezi ya mwisho akichomwa dexa anaweza kuitoa.

Badala yake kuna fluniksini, dawa ya kushusha homa na maumivu. Chupa yake ni ghali, lakini ng'ombe huyo anatumia mililita 13 hivi. Usiichanganye na dexa: tumbo na figo hulipa. Antibiotiki haikwepeki; oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ni mililita 30, na siku za kutokunywa maziwa zimeandikwa kwenye karatasi yake.

Kitu kinachosahaulika ni maji. Lita 20 za uvuguvugu na gramu 180 za chumvi, bei yake ni ya sokoni tu. Asiyeweza kumeza asimiminiwe mdomoni, maji yataingia mapafuni. Mwite veterineri mwenye mpira wa tumboni. Mimi pesa ya kwanza ningempa yeye.

Kwa mbuzi wa kilo 30, dexa ni mililita 15 na chupa moja inatosha. Fluniksini haifiki mililita moja na nusu, basi hakuna haja ya kununua chupa nzima. Muulize veterineri kama analipisha kwa mililita.