Kompyuta za kwantumu: Kanada walijenga taasisi ikadumu, sisi tulikuwa na mtambo ukazimika

Mwaka wa 2001, mwanafizikia Raymond Laflamme aliacha kazi yake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, akarudi Kanada alikozaliwa. Mwaka uliofuata alishika uongozi wa taasisi mpya kabisa katika Chuo Kikuu cha Waterloo, jimbo la Ontario: Taasisi ya Kompyuta za Kwantumu. Aliiongoza kwa miaka 15, hadi 2017. Alifariki Juni 2025 kwa ugonjwa wa kansa, na taasisi aliyoiacha bado inafanya kazi.

Laflamme hakuwa mtu wa ofisi. Alisoma Cambridge chini ya Stephen Hawking, na ni mmoja wa watu wawili waliomshawishi mwalimu huyo akubali kwamba alikosea kuhusu mwendo wa wakati. Hawking mwenyewe alilieleza jambo hilo katika kitabu chake maarufu cha mwaka wa 1988.

Mashine inayoogopa joto

Kompyuta ya kawaida hutumia biti, ambayo ni 0 au 1. Kompyuta ya kwantumu hutumia kyubiti, inayoweza kuchanganya hali hizo mbili kwa pamoja. Kwa hesabu fulani, kama kuvunja siri za mawasiliano au kuchunguza molekuli za dawa, mashine hiyo inatarajiwa kuzishinda kompyuta zote tulizonazo.

Shida ni kwamba kyubiti ni dhaifu. Joto kidogo au mtikisiko mdogo huiharibu. Mwaka wa 1997, Laflamme na mwenzake Emanuel Knill walionyesha ni masharti gani yanayowezesha makosa hayo kusahihishwa. Kazi hiyo bado ni msingi wa fani nzima.

Kuomba pesa kwa kitu ambacho hakijaonekana

Mkurugenzi wa taasisi kama hiyo hutumia siku zake tofauti na mtafiti. Anatafuta pesa, anawashawishi maprofesa vijana wahamie mji mdogo, anawaeleza wanasiasa kwa nini walipie mashine ambayo huenda isiwe tayari kabla ya kura mbili au tatu zijazo. Saa anazotumia kwenye mikutano ni saa zilizokatwa kwenye utafiti wake.

Laflamme alipata bahati ya kuwa na jirani tajiri. Mike Lazaridis, mwanzilishi wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, alisoma Waterloo. Yeye na mke wake Ophelia walikipa chuo hicho zaidi ya dola milioni 100 za Kanada, na serikali nazo zikaongeza. Septemba 2012 jengo kubwa lenye jina lao lilifunguliwa, likiwa na maabara zilizokingwa dhidi ya mitikisiko. Hawking alikuwepo.

Hata hivyo, jengo peke yake halitoshi. Waterloo walifundisha wanafunzi mwaka baada ya mwaka, na baadhi yao walianzisha kampuni zao. Januari 2023, serikali ya Kanada ilizindua mpango wa taifa wa kwantumu wenye dola milioni 360. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa ameshaondoka kwenye kiti chake, lakini kazi haikusimama.

Kinshasa ilitangulia

Kwa Mkongomani, habari hii inauma kidogo, kwa sababu tuliwahi kuwa mbele. Mwaka wa 1959, Chuo Kikuu cha Lovanium, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, kilipata mtambo wa kwanza wa nyuklia wa utafiti katika Afrika nzima. Ulifika kwa juhudi za rekta wake, Monsinyori Luc Gillon, ambaye pia alikuwa mwanafizikia. Mtambo wa pili, TRICO II, ulianza mwaka wa 1972. Tangu 2004 umezimwa.

Kiongozi mwenye maono tulikuwa naye, na mashine ilikuwepo. Kilichokosekana ni kile Waterloo walichokipata: pesa zinazoendelea kuja hata baada ya mwanzilishi kuondoka.

Na madini yetu?

Jambo lingine linatuhusu moja kwa moja. Mwaka wa 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitangaza kwamba walibadilisha niobi kwa tantali katika kyubiti zao, na zikadumu zaidi ya milisekunde 0,3, muda mrefu kuliko zile za awali za aina hiyo. Tantali hutoka katika koltani, ile inayochimbwa kwa mikono huko Rubaya, katika Masisi. Kiasi kinachohitajika kwenye kyubiti ni utando mwembamba tu, kwa hiyo soko la mchimbaji halitabadilika kwa sababu hiyo. Thamani kubwa iko kwa anayejua kuutumia utando huo.

Pa kuanzia papo, na hakuhitaji jengo la mamilioni. Tangu 2016 kampuni ya IBM imefungua baadhi ya kompyuta zake za kwantumu kwa watu wote kupitia intaneti. Mwanafunzi wa Lubumbashi, Goma au Bukavu anaweza kuandika programu yake na kuituma kwenye mashine ya kweli, bila malipo, mradi umeme upo na mwalimu wa kumwongoza yupo. Huyo mwalimu ndiye ambaye vyuo vyetu vinapaswa kumtafuta kwanza, na kumlipa kila mwezi.