Kwa nini mifumo ya kufundishia mtandaoni huwachosha wahadhiri

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MHADHIRI anayesahihisha insha za wanafunzi 200 kwa njia ya mtandao anaweza kupoteza kazi ya jioni nzima kwa kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ukurasa humrudisha kwenye neno la siri, na alama alizoziingiza hazionekani tena.

Kero hiyo si ngeni kwa wanaofundisha katika ukanda wenye vyuo vingi wa Arusha, kuanzia Njiro hadi Tengeru na Usa River, chini ya Mlima Meru.

Programu inayotumiwa na vyuo vingi nchini, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ni Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Haina ada ya leseni. Hata hivyo, seva, umeme na mshahara wa fundi wa kuitunza si vya bure, na matatizo mengi huanzia hapo.

Kupotea kwa alama kuna sababu yake. Mfumo humtambua mtumiaji kwa muda maalumu. Akikaa kimya muda mrefu akisoma, huhesabiwa kuwa ameondoka. Alama anazoandika bado ziko kwenye kompyuta yake, hazijafika kwenye seva.

Majaribio ndiyo balaa zaidi. Wanafunzi 300 wakifungua ukurasa saa 3:00 kamili asubuhi, seva ndogo hulazimika kuwahudumia wote kwa mkupuo. Kurasa hukwama, wanafunzi hubonyeza tena na tena, na kila mbonyezo huongeza mzigo. Wakati huo dakika za jaribio zinaendelea kuhesabiwa, na lawama humwangukia mhadhiri, ambaye hata funguo za chumba cha seva hana.

Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilizorota karibu nchi nzima. Katika hali kama hiyo, chuo kilichokodi seva ng'ambo hubaki kikisubiri meli ya matengenezo. Chenye seva yake ndani ya uzio kinaweza kuwahudumia walio chuoni, ila umeme ukikatika na jenereta ikawa haina mafuta, nayo huzimika.

Nafuu ipo kidogo. Moodle humruhusu mhadhiri kupakua jedwali la alama, kulijaza bila intaneti na kulirudisha kwa mara moja. Wanafunzi pia wanaweza kugawanywa makundi ili wasiingie kwenye jaribio kwa dakika moja, na mfumo ukawekwa uhifadhi majibu wenyewe kila baada ya muda mfupi.

Mwanafunzi akidai mtandao ulimwangusha, kumbukumbu za mfumo huonyesha saa aliyofungua jaribio na saa aliyoliwasilisha, na kwa kawaida mhadhiri anaweza kuzisoma bila kumwita fundi. Jibu ambalo halikufika kwenye seva halimo humo, na uamuzi wa kumruhusu arudie hubaki kwa chuo.