Karoti Kwanza, Tambi Mwisho

Dakika tatu zilizoandikwa kwenye pakiti ya tambi ni za tambi peke yake. Karoti haizijui, na bua la mchicha halifuati maandishi ya kiwandani. Hapo ndipo mlo huu wa haraka unapoharibika katika majiko mengi. Kila kitu hutumbukizwa sufuriani kwa pamoja, tambi zikavurugika huku karoti ikiwa bado mbichi. Au mboga huachwa kabisa, na mlaji akabaki na bakuli la wanga, mafuta na chumvi.

Ikombe ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa makini. Kijiji hicho cha wilaya ya Kyela kimekaa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa kaskazini mashariki, Milima ya Livingstone ikiwa imesimama mgongoni mwake. Njia yake iliyozoeleka tangu zamani ni ya majini, kwa mtumbwi kutoka Matema. Kinajulikana mbali kwa vyungu vinavyofinyangwa kwa mikono na wanawake wa Kikisi, ambavyo huuzwa katika soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, kisha husambaa nchini. Ziwa linatoa usipa, yaani dagaa wa huko, na mashamba ya Kyela yanatoa mpunga, ndizi, kakao na michikichi. Mtu anayefungua pakiti ya tambi katika mazingira hayo ana karibu kila kitu kinachokosekana ndani yake.

Nini basi kilichomo? Tambi za pakiti, ambazo wengi huziita indomie hata zikiwa za kampuni nyingine, zilianzia Japani. Mwaka 1958 Momofuku Ando, mwanzilishi wa kampuni ya Nissin, aliingiza sokoni tambi zilizopikwa, kukaushwa na kufungwa tayari kwa maji ya moto. Njia yake ndiyo inayofuatwa hadi leo na viwanda vingi. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na chumvi nyingine za jamii ya magadi, zile zinazoipa tambi rangi ya manjano na mnyumbuko wake. Kinyunya husukumwa, hukatwa nyuzinyuzi, hupitishwa kwenye mvuke, kisha huzamishwa katika mafuta ya moto sana kwa dakika moja au mbili.

Mafuta hayo ndiyo yenye siri ya kasi. Maji yaliyo ndani ya tambi hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, yakiacha vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa urahisi. Siku ya kupikwa, maji ya moto hupenya katika vitundu hivyo, na kwa kuwa wanga ulikwishaiva kwenye mvuke, kazi iliyobaki ni kulainika tu. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula, tambi zilizokaangwa hazitakiwi kuzidi asilimia 10 ya maji. Ukavu huo ndio unaoziwezesha kuvumilia duka lisilo na jokofu na safari ya mtumbwi. Lakini mafuta yaliyobaki ndani, ambayo mara nyingi ni asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, huweza kuchacha. Katika joto na unyevu wa Kyela, pakiti iliyotoboka au inayonuka mafuta ya zamani haifai kupikwa.

Kwa kawaida mafuta yanayotumika viwandani ni ya mawese. Mkazi wa Kyela anayajua mawese yakiwa mekundu, na wekundu huo ni karotini, kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mafuta ya kiwandani husafishwa, hupaushwa na kuondolewa harufu kwa joto kali, na karotini hupotea humo njiani. Kwa hiyo tambi huja na mafuta ya mchikichi yasiyo na faida kubwa ya mchikichi. Habari njema ni kwamba karotini iliyomo katika mchicha, matembele, majani ya maboga na karoti hufyonzwa vizuri inapoliwa pamoja na mafuta. Ukiziweka mboga hizo katika tambi, mafuta ambayo yangekuwa mzigo mtupu hupata kazi ya kufanya.

Kinachofuata ni kuzipanga mboga kwa jinsi zinavyoiva. Karoti na mabua ya mchicha yana nyuzi ngumu, nayo hutangulia. Kabichi na hoho hufuata. Matembele yaliyokatwa laini huingia pamoja na tambi, na majani laini ya mchicha husubiri dakika ya mwisho, kwa sababu joto la muda mrefu huharibu vitamini C na maji mengi huiyeyusha. Kwa sababu hiyohiyo mboga huoshwa kabla ya kukatwa, wala si baada yake, na maji zilimoivia huliwa kama mchuzi badala ya kumwagwa.

Jani moja halina nafasi kabisa katika mlo wa haraka: kisamvu. Majani ya muhogo yana viini vinavyotoa sayanidi, sumu inayopunguzwa kwa kuyatwanga vizuri na kuyachemsha kwa muda mrefu. Kuyakata na kuyatupia kwenye tambi kwa dakika tatu ni hatari. Kisamvu kilichokwisha kutwangwa na kuiva kikamilifu kinaweza kuongezwa bila shida, kama yanavyoweza kuongezwa maharage yaliyoiva jana. Maharage mabichi hayaingii, kwani nayo yana sumu yake inayotaka kuchemka kwa muda wa kutosha.

Suala la chumvi linadai uangalifu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai. Si ajabu pakiti moja ya tambi kubeba miligramu 1,000 au zaidi, nusu ya kiwango cha siku nzima kabla mtu hajaongeza chochote. Kipimo huandikwa nyuma ya pakiti, na anayetaka kujua ni chumvi kiasi gani huzidisha sodiamu mara mbili na nusu. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo imo katika kile kipaketi kidogo cha viungo, ambacho mpishi ana uhuru wa kukitumia nusu. Kwa mwenye shinikizo la damu, uhuru huo ni wa lazima.

Wengi huhofia kwamba nusu ya kipaketi italeta chakula kisicho na ladha. Hapa ndipo usipa na nyanya vinapookoa jahazi. Ladha nzito ya kipaketi hutokana kwa kiasi kikubwa na glutamati, kiini ambacho mkemia Mjapani Kikunae Ikeda alikitambua mwaka 1908 katika mchuzi wa mwani wa baharini. Nyanya iliyoiva ina glutamati yake ya asili. Samaki mkavu ana kiini kingine, inosinati, ambacho kikikutana na glutamati huikuza ladha kupita vile ambavyo kila kimoja kingeweza peke yake. Kiganja cha usipa mkavu kilichokaangwa na nyanya mbili kinafanya kazi ya kipaketi bila kuongeza chumvi nyingi. Isitoshe, usipa huliwa na mifupa yake, hivyo huleta kalisi pamoja na protini, vitu ambavyo tambi zina upungufu navyo.

Kwa watu wawili, mpishi atayarishe pakiti mbili za gramu 70, karoti moja, kitunguu kimoja, nyanya mbili, kiganja cha usipa mkavu, kijiko kimoja cha mafuta, kipande cha ndimu, na gramu 300 hivi za majani, ambayo ni mafungu makubwa mawili. Majani hayo yataonekana mengi mno yakiwa mabichi. Yasipunguzwe, kwani yakipata joto hunywea. Shirika hilohilo la afya linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa kila mtu, na bakuli hili linampa kila mlaji zaidi ya nusu yake.

Usipa uoshwe kwa maji ya uvuguvugu hadi mchanga uishe, ukamuliwe, kisha ukaangwe pamoja na kitunguu mpaka unukie. Nyanya zifuate na zipondeke, pamoja na nusu ya viungo vya pakiti. Karoti iliyokatwa vijiti vyembamba na mabua ya mboga viingie, vipewe dakika tatu. Hapo ndipo humiminwa maji yanayochemka, vikombe viwili, na tambi zikawekwa. Baada ya dakika mbili majani huwekwa juu yake na kufunikwa, na baada ya dakika moja chakula kiko tayari. Ndimu hukamuliwa jiko likiwa limezimwa. Vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani, na uchachu wake hufidia chumvi iliyopunguzwa.

Maji yenyewe yanataka neno. Ya ziwani au ya mtoni lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika nzima ili kuua vijidudu vya kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo. Kuloweka tambi katika maji ya moto yasiyochemka, kama wafanyavyo baadhi ya wanafunzi mabwenini, hakutoshi. Muda wa kupika nao hubadilika kwa mwinuko. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 98 za selsiasi. Mbeya mjini, kwenye mita zipatazo 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94, na mpishi wa huko huongeza dakika moja kwa karoti.

Anayepikia chungu cha Ikombe ana hesabu nyingine. Udongo hupasha moto polepole kuliko sufuria ya alumini, lakini ukishashika joto hauliachi haraka, na mchuzi huendelea kutokota chungu kikiwa kimeepuliwa. Kwa hiyo chungu huepuliwa mara tu tambi zinapoanza kulegea, majani yakatupiwa juu na kifuniko kikarudishwa: joto la udongo humalizia kazi bila kuni. Chungu kipya hupikiwa kwanza uji mwepesi ili wanga uzibe vinyweleo vyake, na kikiwa cha moto hakimiminiwi maji baridi, kwani hupasuka.

Mlo huu huliwa papo hapo, maana tambi huendelea kunyonya mchuzi hata mezani. Ukibaki, katika joto la pwani ya ziwa usikae zaidi ya saa mbili bila jokofu. Anayejua kwamba mmoja wa wanafamilia atachelewa kurudi apike mchuzi wa usipa na karoti mapema, aweke tambi na majani pembeni, kisha avitie mchuzi ukichemka upya mlaji akiwa amefika.