Nyumba ya Kujipikia ya Watu Wawili Kando ya Ziwa

Nyumba ya likizo ya kujipikia ni makao ya muda yasiyo na mkahawa wala mhudumu. Mgeni hukabidhiwa ufunguo, kitanda, bafu, jiko na vyombo, kisha hujilisha mwenyewe. Ya watu wawili haihitaji ukubwa: chumba kimoja, jiko dogo na baraza vinatosha. Kwa mkazi wa Awendo, mji wa miwa wa Kenya usio na ufuo wake, vijiji vya wavuvi vinavyofaa makao ya aina hii viko magharibi na kaskazini-magharibi, kwenye Ziwa Victoria: Sori katika ghuba ya Karungu, Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania, na ng'ambo ya Homa Bay, Mbita na kisiwa cha Rusinga, kinachofikika kwa gari kupitia daraja.

Jambo la kwanza ni mahali pa kujenga. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na kufurika makazi na bichi nyingi za wavuvi, kwa hiyo nyumba iliyojengwa ukingoni kabisa ili kupata mandhari iko hatarini. Mwinuko wa nyuma kidogo ni bora. Tena viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na njia ya kutoka barazani hadi ufuoni si ya kutembea gizani.

Maji ndiyo yanayopambanua nyumba nzuri na mbovu, ingawa ziwa lenyewe liko mbele ya mlango. Maji ya ziwani hayafai kunywewa yalivyo. Katika sehemu zenye kina kifupi na majani huishi konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi hata ya mtu anayeoga tu. Vimelea hivyo haviishi muda mrefu vikiwa nje ya konokono. Maji yakitulia kwenye tangi siku mbili bila konokono ndani yake, hatari hiyo ya kuogea huisha. Hapo ndipo umuhimu wa kuwa na matangi mawili ulipo: moja linatumika, lingine linatulia. Ya kunywa huchemshwa mpaka yatokote dakika moja kamili, au huvunwa kutoka paani na kutibiwa. Mwenye nyumba anayenunua televisheni kubwa kabla ya tangi la pili amekosea mpangilio.

Jiko nalo lipangwe kwa kufikiria samaki. Nyumba nyingi za likizo huwekewa kikaangio cha mayai, birika la umeme na kisu butu, kana kwamba mgeni amekuja kunywa chai. Ngege (sato) mzima wa kuwatosha watu wawili anahitaji karai lenye kina, kisu kikali cha kuparua magamba, na sufuria nzito ya ugali na mwiko wake. Mahali pa kuparulia pawe nje, kwenye meza ya zege yenye mfereji, na jiko la makaa liwe hapohapo, kwa sababu harufu ya mafuta ya samaki ikiingia kwenye godoro haitoki upesi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hutosha kwa chai na mboga.

Samaki hununuliwa alfajiri. Wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, huondoka jioni, huwavuta samaki kwa mwanga wa taa usiku usio na mbalamwezi, na hurudi kunapokucha. Taa hizo zilizosambaa ziwani kama mji ni sehemu ya likizo yenyewe, na barazani zionekane bila balbu kali kuzififisha. Ngege aliye mbichi ana macho maangavu yaliyotuna, mashavu mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ikibonyezwa. Mbuta (sangara) wakubwa kwa kawaida huchukuliwa na viwanda vya minofu. Kinachobaki sokoni mara nyingi ni wadogo, au mgongo wazi, yaani mifupa yenye nyama kidogo, ambayo ikikaangwa vizuri ni kitoweo kamili. Omena waliokaushwa hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia. Huoshwa kwa maji ya moto kabla ya kukaangwa na kitunguu na nyanya. Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, na mgeni wa miezi hiyo asitarajie kuwaona wabichi. Unga, nyanya, vitunguu na sukuma hupatikana kwa wingi Awendo au mji jirani wa Rongo; ni vyema kuvibeba kutoka huko.

Usiku kuna mbu, na eneo zima la ziwa lina malaria mwaka mzima. Chandarua kizima kinachofunika kitanda cha wawili na kuingia chini ya godoro ni cha lazima. Madirisha yawekewe wavu wenye matundu madogo sana, kwani visubi wa ziwani huja kama moshi na kuizingira taa yoyote inayowaka.

Kisheria hii ni biashara ya utalii. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inazitaja nyumba za likizo miongoni mwa makao yanayohitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na Mfuko wa Utalii hutoza asilimia 2 ya mapato. Mgeni ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo kabla ya kulipa.