Ghalati ya Wenye Kuzitupa Deki Zao

Salamu ninazoletewa na wasomaji walioko Marekani nazipokea kwa furaha, na shikamoo zao naziitikia zote, walakini swali linalofuata baada ya salamu hizo limenichosha, kwa kuwa huja kila mara kwa sura ile ile, awe mwulizaji ni nesi wa Dallas au dereva wa malori aliyesimama kupumzika Nebraska: «Mzee, tushike lipi, tulipie huduma za mtandaoni peke yake, au tulipie pia diski za kukodi kwa posta? Na hizo diski zina faida gani, hali kila sinema imo mtandaoni, na Netflix wenyewe wamekwisha kuziacha bahasha zao nyekundu?» Nusu ya kwanza ya swali hilo ni halali, na jawabu lake nitalitoa mwishoni kwa haraka, maana halihitaji maneno mengi. Nusu ya pili ndiyo ghalati, nayo imekwisha kuota mizizi hata imekuwa itikadi, na watu wenye akili timamu wanatupa deki zao jaani kwa ajili yake. Basi nitaishughulikia hiyo kwanza, tena kwa urefu.

Mimi riziki yangu ni kununua sinema kwa ajili ya rafu za maktaba, na kila wiki hunipasa kutafuta filamu iliyoombwa na msomaji fulani, mtandaoni na katika diski, hata nijue inapatikana wapi na kwa masharti gani. Mwenye kufanya kazi hii hawezi kusema kwamba kila kitu kimo mtandaoni, kama vile baharia asivyoweza kusema kwamba kila bandari ina kina. Siku ambazo Netflix ilikuwa ikituma diski kwa nguvu zake zote, orodha yake ya diski ilipita majina 100,000. Orodha yake ya mtandaoni nchini Marekani ni majina elfu kadhaa tu, na sehemu kubwa inayozidi kukua katika hayo ni vitu iliyovigharimia yenyewe. Jumlisha huduma nyingine zote unazozijua, ulipie kila moja, na bado utabaki na pengo ambalo hakuna ada ya mwezi inayoliziba.

Watu huniambia kwamba kufungwa kwa huduma ile ya diski ndiyo hoja inayowapa haki. Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1997 huko California na Reed Hastings na Marc Randolph, ikapeleka diski yake ya kwanza mwezi Machi 1998, nayo ilikuwa filamu ya Beetlejuice, na ilipotuma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023 ilikuwa imekwisha kutuma zaidi ya diski bilioni 5. Wasemaji wetu wanadhani kwamba siku ile rafu zilihamishwa, kana kwamba yaliyokuwamo katika diski yalimiminwa katika mtandao, tone kwa tone, bila kupotea hata moja. Hakuna kilichohamishwa. Waliohama ni wateja, na biashara isiyokuwa na wateja hufungwa hata kama bidhaa yake haina mbadala. Ama zile filamu, diski za mwisho waliachiwa wateja wakae nazo, na majina kwa maelfu hayakupata mlango mwingine wa kupitia.

Sababu ya pengo hilo si ya ufundi, na hapa ndipo ninapokosa subira kabisa, kwa maana watu hudhani kwamba ni suala la muda tu, kwamba mashine zikizidi kuwa na nguvu na nyaya zikizidi kuwa nene basi kila filamu itafika. Sababu ni ya sheria. Kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 kinasema kwamba mtu aliyemiliki nakala halali ya kitu kilichoandikwa au kupigwa picha anayo haki ya kuiuza au kuiazimisha nakala ile pasipo kumwomba mwenye hakimiliki idhini. Kanuni yenyewe ni kongwe kuliko kifungu hicho. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ilikata kesi ya kampuni ya vitabu iitwayo Bobbs-Merrill, ambayo ilikuwa imechapa ndani ya riwaya yake moja onyo kwamba yeyote atakayeiuza kwa chini ya dola moja amevunja haki zake, na duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89 bila ya kujali. Mahakama ikahukumu kwamba mwenye kitabu akisha kuuza nakala, mamlaka yake juu ya nakala ile yamekoma.

Bunge la Marekani baadaye lilizitoa bidhaa mbili katika ruhusa ya kukodisha, yaani rekodi za muziki mwaka 1984 na programu za kompyuta mwaka 1990, na ndiyo maana hukuona huko maduka ya kukodisha muziki. Wenye sinema nao walitaka watolewe, wakabishana sana Washington, hawakupewa. Kwa hiyo sinema zikabaki, na juu ya kifungu hicho kimoja yakajengwa maduka ya kanda, kisha bahasha nyekundu za posta, kisha yale masanduku mekundu ya Redbox yaliyokuwa yakisimama milangoni mwa maduka ya vyakula. Mnamo mwaka 2008 na 2009 baadhi ya kampuni kubwa za Hollywood zilikataa kuiuzia Redbox diski zilipokuwa mpya. Basi wafanyakazi wake wakaingia madukani kama wanunuzi wengine, wakanunua diski kwa bei ya rejareja, wakazitia katika masanduku yao na kuzikodisha, na hapana aliyeweza kuwazuia. (Sisi wengine tulikulia Dar es Salaam na Mombasa tukikodi kanda za Kihindi dukani, mintarafu ya kanda zile zilikotoka, tusiulizane.)

Sasa tazameni upande wa pili. Mwenye kuonyesha sinema kwa mtandao hakuuzia mtu nakala yoyote, wala hana nakala anayoikodisha. Anaionyesha kazi kwa umma, na kuonyesha kwa umma ni haki iliyobaki mikononi mwa mwenye filamu, naye huitoa kwa leseni, kwa nchi aitakayo na kwa muda autakao. Netflix ilipata kuwa na filamu nyingi za Disney na Sony kwa mkataba ilioufunga mwaka 2008 na kampuni ya Starz. Mkataba ulipokwisha tarehe 28 Februari 2012 bila ya kufanywa upya, filamu zilizokuwa zimebaki katika mkataba huo zikatoweka kwenye skrini za wateja, na diski za filamu zizo hizo zikaendelea kutoka ghalani na kwenda majumbani kana kwamba hapana lililotokea. Tukio hilo moja lingetosha kuizika itikadi ninayoipiga vita, laiti watu wangelikumbuka.

Na kama halitoshi, ipo habari ya Zediva. Hawa walikuwa vijana wa California waliofikiri kwamba wamepata hila ya kuunganisha pande mbili: wakanunua diski halali, wakazitia katika deki halisi zilizopangwa chumbani, kila diski na deki yake, na mteja akawa anaiendesha deki hiyo kutoka nyumbani kwake kwa mtandao, peke yake, mpaka amalize, ndipo apewe mwingine. Wakadai kwamba wao wanakodisha diski na deki kwa waya mrefu. Walifungua mlango mwaka 2011, na mwezi Agosti wa mwaka ule ule mahakama ya California ikawazuia, ikisema kwamba hilo ni onyesho la umma, waya uwe mrefu au mfupi. Ukiielewa hukumu hiyo umeelewa kila kitu: diski ile ile, ikitiwa katika bahasha yenye stempu inakodishwa bila ya idhini ya mtu, na ikipitishwa katika intaneti inahitaji ruhusa ya mwenyewe, naye anaweza kukataa, au kutaka fedha ambazo wateja wa filamu ile hawazifikii kuzilipa.

Ndiyo maana zinazokosekana mtandaoni aghalabu ni zile zile: filamu za zamani ambazo kampuni iliyozitengeneza imefilisika na warithi wake hawajulikani, tamthilia ambazo nyimbo zake zililipiwa kwa televisheni tu, filamu za Kiafrika zilizopata msambazaji mmoja mdogo kisha zikafa pamoja naye. Sisemi kwamba diski inavyo vyote. The African Queen, iliyopigwa Uganda na Kongo na kutolewa mwaka 1951, haikupata DVD nchini Marekani mpaka mwaka 2010. Lakini filamu ikisha kutoka katika diski imetoka, hapana mkataba unaokwisha muda na kuirudisha kabatini, na mzee anayetaka kuwaonyesha wajukuu mandhari ya Tanganyika katika Hatari! ya mwaka 1962 hana haja ya kungoja mawakili wa Hollywood wakubaliane.

Kisha wapo waganga wa pengo hili. Mmoja atakuambia utie VPN, uonekane kana kwamba umekaa Uingereza. Kweli utaona rafu ya Uingereza, nayo ni rafu ya leseni vilevile, ina vya kwake na imekosa vya kwake, na juu ya hayo umevunja masharti ya huduma unayoilipia. Mwingine atakuuzia boksi la televisheni kwa kinyozi, lina kila kitu, hulipi tena maisha. Boksi hilo ni wizi uliowekewa rimoti. Sheria ya Marekani ya Desemba 2020 imewalenga waendeshaji wa huduma za namna hiyo kwa kifungo, si watazamaji, na kwa sababu hiyo waendeshaji hutoroka ghafla, na mteja wa maisha hujikuta na sanduku la plastiki. Sitaki barua nyingine juu ya maboksi.

Itikadi hii imewahi hata kuwakosesha watu hesabu. Mwezi Julai 2011 Netflix ilipotenganisha ada zake, dola 7.99 kwa diski na dola 7.99 kwa mtandao, mahali ambapo vyote viwili vilikuwa vikipatikana kwa takriban dola 10, wateja walighadhibika wakisema kwamba wanatozwa mara mbili kwa kitu kimoja, na katika miezi mitatu kampuni ikapoteza wateja wapatao 800,000. Hicho hakikuwa kitu kimoja hata siku moja. Walikuwa wakipewa vitu viwili kwa bei ya kimoja na robo, na karamu ilikwisha. Kampuni nayo ikazidisha upumbavu, ikatangaza mwezi Septemba kwamba diski zitakwenda katika biashara nyingine kwa jina la Qwikster, na kabla ya nusu ya Oktoba ikaifuta habari yote.

Haya, na jawabu mlilolitaka. Andika kwanza majina ya filamu kumi unazotamani kuziona mwaka huu, uyatafute moja moja katika JustWatch, inayoonyesha kila filamu iko katika huduma gani kwa nchi uliyomo. Zikiwamo nane au tisa, na nyumbani kuna watoto wanaotaka katuni kila jioni, lipia huduma moja ya mtandaoni peke yake, uifute ukisha kumaliza ulichokifuata, uchukue nyingine; kulipia nne kwa pamoja ni kutupa fedha. Zikiwamo nne, unahitaji diski. Anza na kadi ya maktaba ya mji wako, ambayo ni bure: ina diski, inaagiza kutoka maktaba nyingine, na aghalabu hukupa huduma ya mtandaoni ya Kanopy au Hoopla bila ya malipo. Redbox usiitafute, ilifilisika mwaka 2024. Kwa posta, Scarecrow Video ya Seattle, ambayo tangu 2014 si duka la faida, ina hazina ya filamu zaidi ya 130,000 na hutuma diski. GameFly hutuma michezo na filamu mpya. Mkaazi wa Uingereza ana Cinema Paradiso, tangu Amazon ilipoifunga LOVEFiLM ya posta mwaka 2017, ila ajue kwamba huko sheria ya kukodisha ni nyingine, na niliyoyasema juu ya kifungu cha 109 hayamhusu. Kabla ya kulipa, uliza bahasha huchukua siku ngapi kwenda na kurudi, gawanya ada kwa idadi ya diski utakazoziona kweli, si utakazozitamani, na usizilaze juu ya televisheni wiki tatu kisha ukalalamika kuwa ghali. Mwenye intaneti yenye mpaka wa matumizi, au skrini kubwa na macho makali, ana sababu ya ziada: diski ya UHD huweza kupeleka hadi megabiti 128 kwa sekunde, na huduma ya mtandaoni huridhika na 15 au karibu na hapo.

Deki nunua huko huko Marekani. DVD za Marekani zimefungiwa eneo la 1, Afrika Mashariki ni eneo la 5, Oman na nchi za Ghuba ni eneo la 2. Deki uliyokuja nayo kutoka Dar es Salaam au Maskati itaikataa diski ya maktaba, isipokuwa iwe ya maeneo yote, na maelezo hayo huandikwa nyuma yake, karibu na mahali pa waya wa umeme.